Kubadilisha mafuta ya klachi ya gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu magari ya gia za mkono ambayo klachi yake inasukumwa na mafuta. Yamepangwa kuanzia yale ya mwanzo kabisa hadi visa vinavyomtoa jasho hata fundi mzoefu. Shika jambo moja tangu sasa: mafuta ya klachi husahaulika kuliko mengine yote kwenye gari. Kuyabadilisha kunasaidia sana, lakini hakufufui silinda iliyokwisha.

## Mambo ya msingi

Gari langu lina kopo la mafuta ya breki tu. Ya klachi yako wapi?

Huenda yamo humo humo. Kwenye magari mengi breki na klachi huchota mafuta kwenye kopo moja. Chungulia ubavuni mwa kopo hilo utaona mrija mwembamba unaotoka pembeni, juu kidogo ya kitako, na kuelekea kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva. Huo ni wa klachi. Umewekwa juu kwa makusudi: klachi ikivuja, mafuta hushuka mpaka usawa wa mrija huo kisha hukoma, na breki hubaki na akiba yake.

Magari mengine yana kopo dogo la klachi peke yake, mara nyingi karibu na lile la breki. Hilo ndilo watu hupita mbele yake miaka nenda rudi bila kulifungua.

Mafuta haya yanafanya kazi gani hasa?

Ukikanyaga pedali, unasukuma pistoni iliyo ndani ya masta ya klachi, yaani silinda ya juu iliyo karibu na pedali. Mafuta hayabanwi yakapungua ujazo, kwa hiyo msukumo wote unasafiri kwenye bomba hadi silinda ya chini, iliyo kwenye giaboksi. Silinda hiyo husukuma uma wa klachi, uma ukasukuma beringi, beringi ikabonyeza presha pleti (sahani inayoibana pleti ya klachi), na pleti ya klachi ikaachiliwa. Hapo gia huingia bila kelele.

Upepo ukiingia katikati ya safari hiyo, mambo huharibika, kwa sababu upepo hubanwa. Mguu wako utafika chini huku silinda ya chini ikiwa imesogea kidogo tu.

Nitajuaje kama klachi yangu ni ya mafuta au ya waya?

Fuata kinachotoka nyuma ya pedali kuingia chumba cha injini. Ukikuta waya ndani ya ala nyeusi unaoishia kwenye mkono wa giaboksi, hiyo ni ya waya na haina mafuta ya kubadilisha. Ukikuta bomba la chuma au plastiki, hiyo ni ya mafuta. Gari la otomatiki halina pedali ya klachi, na oili ya giaboksi yake ni kitu kingine kabisa.

Kwa nini mafuta ya klachi huwa meusi kuliko ya breki?

Sababu ya kwanza ni raba. Klachi hukanyagwa kila unapobadilisha gia, na raba za pistoni hujisugua kwenye kuta za silinda kila mara. Ule weusi sehemu kubwa ni unga wa raba hizo. Sababu ya pili ni mahali ilipo silinda ya chini, jirani na joto la giaboksi na vumbi la barabara.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo isiyotajwa: mafuta haya hayazunguki. Yaliyo kwenye silinda ya chini huenda mbele kidogo na kurudi pale pale, kama maji yaliyotuama kwenye bomba lililozibwa mwisho. Fundi akibadilisha mafuta ya breki kwenye magurudumu yote manne bila kufungua nipo ya klachi (skrubu ndogo yenye tundu kwenye silinda ya chini, ya kutolea mafuta na upepo), mafuta ya klachi yanabaki yale yale ya zamani. Gari linaweza kubadilishiwa mafuta ya breki mara nyingi huku silinda ya klachi ikiwa bado na mafuta liliyotoka nayo kiwandani.

Yabadilishwe baada ya muda gani?

Kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Watengenezaji wengi hutaja miaka 2 kwa mafuta ya breki, wengine 3, na mara nyingi hawaitaji klachi peke yake. Ushauri wangu ni huu: kila breki zinapobadilishiwa mafuta, klachi ifanyiwe siku hiyo hiyo. Mafuta ni yale yale na vifaa ni vile vile. Mwambie fundi wazi kabla hajaanza, kwa sababu asipoambiwa ni rahisi kuiruka.

## Dalili

Ni dalili gani zinaonyesha mafuta yamechoka au yana upepo?

Pedali inakuwa laini mwanzoni, kisha inashika karibu na sakafu. Rivasi inaingia kwa kukwaruza, kwa sababu kwenye magari mengi gia hiyo haina kifaa cha kulinganisha mwendo na hukasirika mapema kuliko zote. Gia ya kwanza inakataa gari likiwa limesimama, lakini inakubali ukipiga pampu mara mbili tatu. Hali inazidi kuwa mbaya gari likipata moto kwenye foleni.

Ile ya kupiga pampu ni dalili ya thamani. Pedali ikipata nguvu kwa kupampu, tatizo karibu kila mara liko kwenye mafuta, upepo au silinda. Isipobadilika hata kidogo, geuza macho kwenye klachi yenyewe.

Mafuta kwenye kopo yanashuka. Niongeze tu niendelee?

Hapana, tafuta yanakokwenda. Hapa klachi inatofautiana na breki. Pedi za breki zikilika, pistoni zake husogea mbele na mafuta kwenye kopo hushuka kidogo kidogo. Hiyo ni kawaida. Pleti ya klachi ikilika, kwenye mfumo ulio wa kawaida mambo huenda kinyume: vidole vya presha pleti huisukuma pistoni ya silinda ya chini irudi ndani, na mafuta hupanda kidogo kwenye kopo. Kwa hiyo kopo la klachi pekee likishuka, mafuta yanavuja.

Pa kuangalia ni pawili. Ingiza mkono juu ya pedali ya klachi, pale fimbo inapoingia ukutani: ukitoka na unyevu, masta imekwisha. Kisha nenda chini kwenye giaboksi, uinue ukingo wa raba ya vumbi ya silinda ya chini. Unyevu mwembamba unaweza kuvumilika. Mafuta yakidondoka, silinda imekwisha.

Klachi yangu inateleza. Mafuta mapya yataponya?

Kwa kawaida hapana. Injini ikipandisha mzunguko huku gari haliongezi mwendo, pleti imelika au imelowa oili, na dawa yake ni kushusha giaboksi.

Kuna kisa kimoja cha pekee. Tundu dogo la kurudishia mafuta ndani ya masta likizibwa na uchafu au na raba iliyovimba, mafuta hushindwa kurudi kwenye kopo na klachi hubaki imebanwa nusu. Kupima ni rahisi: klachi inapoteleza, legeza nipo ya chini kidogo. Mafuta yakiruka kwa nguvu na kuteleza kukakoma papo hapo, mkosaji ni masta au hosi (bomba la raba), na pleti yako huenda bado ni nzima. Kipimo hiki hakichukui hata dakika kumi, na kinaweza kukuepusha na kununua klachi nzima bure.

## Kuchagua mafuta

Niweke DOT ngapi?

DOT ni daraja la mafuta ya breki na klachi; weka iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo. Magari mengi hutumia DOT 3 au DOT 4. Yakiwa mapya, DOT 3 haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na DOT 4 haichemki chini ya 230. Yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, viwango hivyo vya chini huwa 140 na 155. Mafuta haya huvuta unyevu kutoka hewani, ukitaka usitake, ndiyo maana yanazeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

DOT 4 inaweza kuwekwa palipoandikwa DOT 3, na zinachanganyika. Kurudi nyuma, yaani DOT 3 palipoandikwa DOT 4, usifanye.

DOT 5 na DOT 5.1 si ni kitu kimoja?

Ni vitu viwili tofauti kabisa. DOT 5.1 ni ndugu wa DOT 3 na DOT 4 na huchanganyika nazo. DOT 5 ni ya silikoni, kwa kawaida ina rangi ya zambarau, na haichanganyiki na hizo nyingine. Usiiweke kwenye gari ambalo halikuiomba.

Yapo pia magari na pikipiki ambazo mfumo wao unatumia mafuta ya madini, kama LHM ya kijani ya Citroën. Huko DOT yoyote itaua raba, na ukiweka mafuta ya madini kwenye gari la DOT matokeo ni hayo hayo. Soma kifuniko kabla ya kumimina.

Nina chupa iliyobaki tangu mwaka jana. Nitumie?

Itupe. Tangu ulipoifungua imekuwa ikinywa unyevu, hata kama kifuniko kilikazwa. Nunua chupa ndogo yenye lakiri.

## Kazi yenyewe

Nahitaji vifaa gani, na mafuta kiasi gani?

Chupa ya nusu lita hutosha klachi na kubaki. Andaa spana ya ringi inayolingana na nipo (mara nyingi namba 8, 10 au 11), mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, chupa tupu, sirinji kubwa, matambara na maji ya kutosha. Ukilazimika kuinua gari, weka stendi, na vigingi vya kuzuia magurudumu. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Vaa glavu na miwani.

Nifuate hatua gani?

Subiri injini na giaboksi zipoe, na injini ibaki imezimwa. Futa kifuniko cha kopo na eneo lote linalokizunguka kabla ya kukifungua, kwa sababu punje moja ya mchanga ikiingia humo itakwenda kukaa kwenye raba ya masta. Nyonya mafuta ya zamani kwa sirinji. Kama kopo ni la pamoja na breki, bakiza kidogo, usifike mahali matundu ya breki yakaona hewa. Ukiona matope meusi kitakoni, yafute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Jaza mafuta mapya.

Shuka kwenye silinda ya chini. Vua kikofia cha raba, safisha nipo, vesha spana kwanza, kisha mrija. Ncha ya pili ya mrija itumbukize kwenye chupa yenye mafuta masafi kidogo, izame.

Sasa msaidizi wako, aliyekaa kwenye kiti cha dereva, akanyage pedali polepole hadi chini, aishikilie, aseme "chini". Fungua nipo robo mzunguko. Mafuta yatatoka meusi, pengine na vipovu. Funga. Ndipo umwambie "achia". Ukikosea mpangilio huu, yaani pedali ikapanda nipo ikiwa wazi, upepo unaweza kunyonywa kupitia nyuzi za nipo. Rudieni, na kila baada ya mikanyago mitano hivi ongeza mafuta kwenye kopo. Kopo likikauka mnaanza upya, na kama ni la pamoja, upepo unaweza kuingia hadi kwenye breki. Kwenye gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa breki) kuutoa huko wakati mwingine kunahitaji mashine ya kompyuta.

Angalia mrija kwa makini. Mwanzo unaona rangi ya kahawa nzito. Kisha unakuja mpaka unaoonekana kwa macho kabisa, ambapo weusi unakatika na nyuma yake inafuata rangi ya majani makavu iliyo angavu. Usisimame hapo hapo. Endelea mikanyago michache zaidi, kwa sababu uchafu uliokuwa umelala ndani ya silinda hutoka kwa mafungu.

Kaza nipo kwa kiasi. Ni ndogo, ina tundu katikati, na hukatika upesi. Rudisha kikofia, jaza kopo hadi alama, funga. Washa injini na ujaribu rivasi kabla ya kuondoa vigingi.

Pedali imebaki sakafuni, hairudi. Nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu. Baada ya kufungua nipo, hakuna msukumo wa kuirudisha. Ivute juu kwa mkono au kwa ncha ya kiatu na uendelee. Itaanza kurudi yenyewe upepo ukipungua.

Niko peke yangu. Inawezekana?

Inawezekana, na njia ninayoipenda ni ya kuachia mafuta yashuke yenyewe. Fungua nipo, acha kifuniko cha kopo kimelegea, na uyaache yadondoke huku ukiongeza juu. Ni polepole, lakini haichochei vipovu. Zipo pia pampu za kunyonya zinazovishwa kwenye nipo, na vifaa vya kusukuma mafuta kutoka kwenye kopo kwa upepo mdogo. Na vifaa hivyo usizidishe bar 1, makopo ya plastiki yana kikomo chake.

## Mambo yakikataa

Nimekanyaga mara nyingi sana, pedali bado laini. Upepo uko wapi?

Kwanza acha kupampu kwa kasi. Kasi hupasua povu moja kubwa likawa mamia ya madogo, na hayo hushikamana na kuta. Pumzisha gari nusu saa, kisha anza tena taratibu.

Ikishindikana, tazama nipo iko upande gani. Lazima iwe juu kuliko mahali bomba linapoingia. Silinda mpya ikifungwa juu chini, au ikiwa imeinama, povu hukaa kileleni na halitatoka kwa mikanyago yoyote. Kama silinda iko nje ya giaboksi, ifungue bila kuitenga na bomba, ielekeze nipo juu, sukuma pistoni yote ndani kwa mkono na uishikilie hivyo ukitoa upepo. Pistoni ikiwa ndani, nafasi ya kujificha povu karibu inakwisha. Asikanyage mtu pedali silinda ikiwa haijafungwa mahali pake, pistoni itachomoka.

Njia nyingine ni kusukuma kutoka chini: jaza sirinji mafuta mapya, iunganishe na nipo, fungua, usukume polepole. Upepo kwa asili hupanda, na hapa unausaidia uende unakotaka. Fanya hivi baada ya kutoa mafuta machafu tu, na uangalie kopo lisifurike.

Vipovu haviishi kwenye mrija, lakini pedali ni ngumu vizuri. Niendelee?

Simama. Hewa hiyo inaingia kupitia nyuzi za nipo iliyolegezwa, hasa ukitumia pampu ya kunyonya. Mfumo wenyewe ni safi. Iamini pedali.

Mafuta mapya yamekuwa meusi tena baada ya wiki chache.

Raba zinaliwa, au kuta za silinda zina kutu inayozikwangua. Badilisha mara moja zaidi, kwa kuwa huenda yalibaki masalia. Yakirudia weusi, nunua silinda. Kama masta na silinda ya chini zina umri mmoja, fikiria kubadilisha zote mbili: raba mpya upande mmoja hurudisha msukumo kamili, na raba iliyochoka upande wa pili mara nyingi haidumu baada ya hapo.

Nipo imeshika kutu na haigeuki.

Usiiparamie. Isugue kwa brashi ya waya, inyunyizie dawa ya kulegeza kutu, uiache usiku mzima. Tumia soketi yenye kona sita, si spana ya mdomo wazi. Jaribu kwanza kuikaza kidogo sana ili kutu ivunjike, ndipo uifungue. Ikikatika, kununua silinda mpya mara nyingi ni nafuu kuliko kuitoboa.

Silinda yangu iko ndani ya giaboksi. Hatua ni zile zile?

Kubadilisha mafuta ni vile vile, kwa sababu nipo imetolewa nje kwa bomba fupi. Tofauti ni namna inavyofunguka: baadhi hazizungushwi, unavuta klipu ya waya kisha unasogeza bomba hadi kituo cha kwanza. Ukilivuta lote litachomoka mkononi na mafuta yatamwagika.

Ikivuja, mafuta hudondoka kwenye maungio ya injini na giaboksi. Yanuse na uyaguse: oili ya injini ni nzito na ina utelezi, haya ni mepesi kama maji mazito. Hapo giaboksi lazima ishuke. Ikishushwa kwa ajili ya klachi, weka na silinda mpya, hata kama ya zamani bado haijavuja. Gharama kubwa ni ile kazi ya kushusha.

Mtu ameweka oili ya injini kwenye kopo. Nikimwaga na kujaza upya itatosha?

Kwa bahati mbaya, haitoshi. Oili hizo huvimbisha raba zilizotengenezwa kwa mafuta ya breki. Ukiwa na shaka, dondosha tone kwenye glasi ya maji: mafuta ya breki huchanganyika, oili huelea. Kama imeelea na gari lilishaendeshwa, masta, hosi na silinda ya chini vibadilishwe na mabomba yasafishwe. Kama kopo ni la pamoja, breki nazo zimo hatarini. Gari lisiendeshwe, livutwe.

Pedali imezama ghafla niko njiani. Nifanye nini?

Washa taa za tahadhari. Ondoa mguu kwenye pedali ya mwendo (eksileta). Nguvu ikiacha kuvuta, gia itateleza kwenda nyutro bila klachi. Pisha pembeni. Fungua boneti uangalie kopo. Kama ni la pamoja na limeshuka sana, usisogee kabla ya kuhakikisha pedali ya breki ni ngumu. Kama mafuta yapo, piga pampu klachi haraka. Ikipata nguvu, itumie kufika mahali salama tu. Maji au oili kwenye kopo ili "kufika nyumbani" ni kukaribisha hasara iliyoelezwa kwenye swali lililotangulia.

Yamemwagika kwenye rangi ya gari. Na ya zamani niyapeleke wapi?

Mimina maji mengi mara moja, usifute kwa kitambaa kikavu; mafuta haya hulainisha rangi na kuibambua. Yakigusa macho, suuza kwa maji kwa muda mrefu na uende kwa daktari. Ya zamani yaweke kwenye chupa yake, iliyoandikwa, isiyochanganywa na oili chafu ya injini, uyapeleke panapopokewa taka za namna hiyo. Yana sumu, kwa hiyo hata wakati kazi inaendelea usiiache ile chupa sakafuni mahali mtoto au mnyama anapofika.